Kukata kucha nyeusi za mbwa nyumbani bila kumuumiza

Ukienda kurekodi mahojiano nyumbani kwa mtu huku Kisarawe, unazoea kurudi na sauti za jogoo, bodaboda na watoto. Siku moja nilirekodi barazani kwa mzee mmoja, kwenye sakafu ya saruji, na nilipoyasikiliza mazungumzo yetu studio nikasikia kitu kingine nyuma ya maneno: ta-ta-ta-ta. Kinapotea, kisha kinarudi. Alikuwa mbwa wa nyumba ile anapita, na kucha zake zinagonga sakafu kila akipiga hatua.

Mbwa mwenye kucha za urefu unaofaa hagongi namna hiyo anapotembea polepole. Nilipolisema hilo hewani, ujumbe ulikuja kutoka Maneromango, Masaki, Mlandizi na Maili Moja, na karibu wote ulikuwa na swali lilelile: kucha za mbwa wangu ni nyeusi tii, sasa nitajuaje pa kuishia? Makala haya ni jibu la swali hilo, kwa wale waliolikosa kipindini na kwa wale waliotaka kulisoma taratibu wakiwa na mbwa karibu.

Jibu fupi ni hili. Kwenye ukucha mweusi huwezi kuona pa kuishia kabla hujaanza kukata. Unapaona ukiwa unakata, endapo tu utakata kidogo kidogo na kuangalia uso wa ukucha kila baada ya kukata.

Ndani ya ukucha kuna nini

Ukucha wa mbwa una ganda gumu nje, na ganda hilo halina uhai, kama ncha ya ukucha wako wewe. Ndani yake kuna nyama hai yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Katika makala haya nitaiita kiini. Ukikata ganda peke yake mbwa hasikii maumivu. Ukikata kiini, damu inatoka na mbwa anaumia kwelikweli.

Kwa mbwa mwenye kucha nyeupe kazi ni rahisi, kwa sababu kiini kinaonekana kwa nje kama mstari wa rangi ya waridi. Unaishia kabla ya mstari huo. Kwenye ukucha mweusi rangi ya ganda inakificha, na mbwa wetu wengi wa kienyeji wana kucha nyeusi au za kahawia iliyokolea. Wengine wana mchanganyiko: mguu mmoja una kucha nyeupe mbili na nyeusi mbili. Kama wako yuko hivyo una bahati. Anza na zile nyeupe, uone kiini chake kinaishia wapi, halafu utumie kipimo hicho kama makadirio kwa zile nyeusi. Ni makadirio tu, kwa sababu kucha za mguu mmoja zinaweza kupishana urefu.

Kwa kawaida mbwa ana kucha 18: nne kila mguu, na mbili zaidi za pembeni kwenye miguu ya mbele, juu kidogo kwa upande wa ndani, mahali ambapo kwetu sisi pangekuwa na kidole gumba. Baadhi ya mbwa wana za pembeni kwenye miguu ya nyuma pia.

Kwa nini kucha zinarefuka

Mbwa anayezunguka kwenye barabara ya changarawe, mawe au lami anazisaga kucha zake mwenyewe. Wengi wetu hatujawahi kumkata mbwa wa babu kucha, na hakupata tabu, kwa sababu alishinda anatembea.

Mbwa wa ulinzi wa siku hizi ana maisha mengine. Mchana kutwa yuko bandani au kwenye mnyororo, usiku anafunguliwa ndani ya uzio, na chini ni mchanga mlaini. Mchanga hausagi kucha kama unavyosaga mwamba. Mbwa mzee, mbwa mnene na mbwa mwenye mguu mbovu wako kwenye hali hiyohiyo kwa sababu hawatembei vya kutosha.

Ukucha ukirefuka sana, kila hatua unasukumwa na ardhi kurudi kwenye kidole. Mbwa anaanza kukwepa maumivu kwa kukanyaga vibaya, vidole vinapanuka au kupinda pembeni, na baadaye viungo vya mguu vinalemewa. Ukucha mrefu hunasa pia kwenye wavu wa uzio au kwenye kitambaa, ukapasuka mpaka kwenye kiini. Wa pembeni hauna ardhi ya kuusaga kabisa. Ukiachwa unakua kwa kujikunja kama pete, mpaka ncha inarudi na kuchoma nyama ya mguu wa mbwa mwenyewe.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amwepushe na mateso yasiyo ya lazima. Mbwa anayechechemea kwa sababu ya ukucha uliomwingia nyamani anateseka kwa jambo la kuzuilika.

Vifaa vya kuandaa

Kifaa kizuri ni mkasi maalumu wa kukatia kucha za mbwa, wenye meno mafupi mazito yaliyopinda. Unapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo, hasa Dar es Salaam. Ukiona hakuna karibu, muulize afisa mifugo wa kata yako. Mkasi uwe mkali. Ukiwa butu unauponda ukucha badala ya kuukata, na kuponda kunauma hata kabla hujafika kwenye kiini.

Kikata kucha cha binadamu kinafaa kwa mtoto wa mbwa tu. Kwa mbwa mkubwa kinaubana ukucha wa mviringo ukawa bapa na kuupasua. Koleo, wembe, kisu na panga viache kabisa.

Pembeni ya mkasi weka:

- Tupa ndogo au kipande cha msasa, kwa kulainisha ncha.
- Kitu cha kuzuia damu. Upo unga maalumu wa kuzuia damu ya kucha. Kama huna, wanga wa mahindi au unga wa ngano kwenye kifuniko cha chupa unasaidia, au kipande kikavu cha sabuni ya mche.
- Kitambaa safi.
- Vipande vidogo vya chakula anachokipenda: dagaa, nyama ya kuchemsha, ini.
- Mwanga wa kutosha. Saa tatu asubuhi chini ya mti ni bora kuliko taa ya jioni.

Vaa glovu kama unazo. Huku Pwani wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwetu ni najisi. Watu kadhaa waliniandikia kwamba hiyo ndiyo sababu mbwa wao hajawahi kushikwa mguu. Glovu na nguo za kazi za kubadilisha vinaondoa kikwazo hicho, au unaweza kumfundisha mlinzi au kijana mwingine wa pale nyumbani.

Mzoeshe kwanza

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilikuwa nawahi kipindi cha asubuhi, nikamshika mbwa wangu mguu, nikaona ukucha mrefu, nikakata mara moja sehemu ambayo kwa macho yangu ilikuwa ya ziada. Damu ilitapakaa barazani. Ukucha ulipona ndani ya siku chache, lakini miezi mitatu mizima hakuniruhusu hata kugusa bega lake. Nilimrudisha kwa dagaa, siku baada ya siku.

Kwa hiyo anza bila mkasi. Siku za mwanzo mguse bega, shuka taratibu mpaka kwenye mguu, mpe dagaa, achana naye. Akizoea, minya kidole kimoja kwa upole ili ukucha utokeze, mpe dagaa. Kisha mwonyeshe mkasi aunuse, ugonge ukucha nao bila kukata. Mbwa wengine wanakubali kwa siku tatu, wengine wanataka wiki mbili. Hasara ya kusubiri ni ndogo kuliko hasara ya kumtia hofu.

Ifanyeni watu wawili. Mmoja anayefahamika na mbwa anakaa upande wa kichwa, anamsemesha na kumlisha, mkono mmoja ukiwa chini ya shingo. Wa pili anakata. Watoto wakae mbali. Mbwa mwenye tabia ya kung'ata avalishwe kifunga mdomo cha kikapu, kinachomruhusu kuhema kwa mdomo wazi. Kumfunga mdomo kwa kamba au kitambaa kwenye joto letu ni hatari akikaa hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu mbwa anajipoza kwa kuhema. Na kama inahitajika watu watatu kumlaza chini kwa nguvu, acha. Huyo ni wa mtaalamu.

Usimkate kucha mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa udenda, anayeshindwa kumeza au anayeuma vitu ovyo. Mtenge bila kumgusa na umwarifu afisa mifugo, kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa.

Hatua kwa hatua

1. Angalia mguu wote. Tenganisha vidole uone kama kuna mwiba, kidonda, kupe au tekenya, wale wadudu wanaoingia kwenye ngozi na kuacha kidoti cheusi chenye uvimbe. Ukikuta kidole kimevimba, kina usaha au kinanuka, ahirisha kucha na utibu hilo kwanza.

2. Tazama ukucha kwa chini. Ncha inayopinda kama ndoana, kwa chini, mara nyingi ina mfereji, kama mrija uliopasuliwa. Sehemu hiyo ya mfereji ni ganda tupu. Pale ambapo mfereji unajaa na ukucha unakuwa mnene, kiini kiko karibu. Hiyo ndiyo alama yako ya kwanza kwenye ukucha mweusi.

3. Shika kidole kwa kidole gumba na cha shahada. Usiuvute mguu pembeni ya mwili. Mbwa hutulia zaidi mguu ukibaki kwenye mkao wake wa kawaida.

4. Kata ncha tu. Kipande kiwe kama milimita moja au mbili. Mkasi uuweke kwa mshazari unaofuata usawa wa nyayo.

5. Simama na uangalie uso wa ukucha. Hii ndiyo hatua yenyewe, na maelezo yake yako hapa chini.

6. Kama bado ni salama, kata kipande kingine chembamba zaidi ya cha kwanza, uangalie tena.

7. Lainisha kwa tupa, ukisugua kwa upande mmoja, halafu mpe zawadi.

Namna ya kusoma uso wa ukucha

Ukikata ukucha mweusi na kuuangalia kwa mbele, utaona duara dogo. Mwanzoni duara hilo ni kavu, rangi yake ni nyeupe au kijivu, na linafanana na chaki au gome kavu linalomeguka. Bado uko mbali na kiini.

Ukiendelea, katikati ya duara rangi inaanza kubadilika. Kunatokea kidoti, mara nyingi cheusi au kijivu kilichokolea, na kinang'aa kana kwamba kina unyevu kuliko sehemu inayokizunguka. Hicho ndicho kichwa cha kiini kinachokaribia. Ukikiona, acha hapohapo, hata kama ukucha bado unaonekana mrefu. Kipande kimoja zaidi kinatoa damu.

Ukiona rangi ya waridi au nyekundu, umeshafika. Ukucha nao unabadilika ugumu: karibu na kiini mkasi unaingia kama kwenye kitu laini zaidi. Na mbwa naye anakwambia. Akivuta mguu ghafla wakati ukucha huu na si mingine, mwamini.

Usilazimike kumaliza kucha 18 siku moja. Mguu mmoja leo na mwingine kesho ni kazi nzuri kabisa. Wa pembeni usiusahau, kwa sababu haugongi sakafu wala hauonekani manyoya yakiuficha.

Kucha zilizoachwa miaka

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ukucha ukirefuka kwa muda mrefu, kiini nacho kinarefuka ndani yake. Ndiyo maana mtu anakata kidogo tu, damu inatoka, naye anasema mbwa wake hakatiki.

Ukweli ni kwamba kiini kinaweza kurudi nyuma. Kata au saga kwa tupa kidogo sana kila baada ya wiki moja, ukiishia kwenye kidoti kila mara. Kiini kikiwa karibu na ncha huanza kujivuta taratibu, na wiki inayofuata unapata nafasi nyingine ndogo. Baada ya miezi michache ukucha unakuwa wa urefu wa kawaida bila tone la damu. Usimwage ukucha wote siku moja kwa kuwa umechoka kusikia ta-ta-ta.

Urefu ukishakuwa mzuri, kagua kila baada ya wiki tatu au nne. Matembezi kwenye barabara ngumu nayo yanasaidia. Mbwa mwenye kucha fupi anapitisha hata miezi bila kuguswa.

Damu ikitoka

Hata mtaalamu humtoa mbwa damu mara mojamoja. Damu ya ukucha inaonekana nyingi na inatisha, lakini kwa mbwa mwenye afya jeraha hilo peke yake si la kuua.

Tulia, kwa sababu ukipiga kelele atakimbia na damu itazidi. Bonyeza ncha kwa kitambaa safi. Kisha ichovye kwenye unga wa kuzuia damu, wanga au unga wa ngano, ubonyeze tena kwa dakika tano bila kuchungulia. Kama una sabuni ya mche, isugue au uikandamize kwenye ncha mpaka sabuni izibe tundu. Baada ya hapo mzuie kukimbia kwa saa kadhaa, na alale mahali pasafi siku hiyo, pasiwe kwenye tope wala mavi ya kuku.

Majivu na mafuta ya taa usiweke. Usimpe pia dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki, ibuprofeni au parasetamo. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumsababishia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na parasetamo inaweza kudhuru ini lake. Ulikuwa na nia njema, lakini kidonge kimoja kinaweza kufanya madhara makubwa kuliko ukucha.

Damu ikiendelea zaidi ya nusu saa licha ya kubonyeza, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ukiumwa na mbwa

Mbwa mpole kuliko wote anaweza kung'ata akiumia. Meno yakipenya ngozi, au mate yakigusa kidonda chako, osha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tumia saa kabisa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo ueleze kilichotokea, hata kama mbwa ni wako na jeraha ni dogo. Chanjo baada ya kuumwa huzuia kichaa cha mbwa ikitolewa mapema. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwenye kifo.

Ndiyo maana mbwa anayeshikwashikwa nyumbani anapaswa kuwa amechanjwa, na chanjo kurudiwa kama mtaalamu anavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Kila tarehe 28 Septemba huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni siku nzuri ya kujikumbusha kutafuta kadi ya chanjo ya mbwa wako na kusoma tarehe iliyoandikwa.

Wakati wa kumwita mtaalamu

Mwite afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo kama ukucha umeingia nyamani, umepasuka mpaka juu, unalegea, kidole kimevimba, au mbwa hakubali kabisa. Mtaalamu ana dawa ya kumtuliza au kumlaza, na anaweza kukata kwa usalama kile ambacho wewe ungekikata kwa vita. Ukimwita, mwombe akate ukucha mmoja wewe ukiangalia na akuonyeshe kile kidoti cheusi. Ukishakiona mara moja kwa macho yako, utakitambua tena.

Yule mzee wa barazani nilimrudia na mkasi wangu. Mbwa wake ana kucha za miaka, kwa hiyo siku ile tulikata ncha nane tu za miguu ya mbele, na ule wa pembeni upande wa kulia ulikuwa umebakiza kama upana wa punje ya mchele kugusa ngozi. Tuliuwahi. Sasa anamkata mwenyewe kila Jumamosi asubuhi, kidogo kidogo, na dagaa wakiwa mfukoni. Mara ya mwisho nilipopita pale, mlio ulikuwa umepungua, ingawa haujaisha.